Yajna au Kafara? Maana ya Dhabihu katika Utendi wa Mahabharata

Utangulizi

Mahabharata ni utendi mrefu kuliko tendi zote za Kisanskriti. Una vitabu 18, na kwa mapokeo husemwa kuwa una beti 100,000. Toleo la kihakiki lililotayarishwa na Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, kazi iliyoanza mwaka 1919 na ambayo matini yake kuu ilikamilika mwaka 1966, lina beti zaidi ya 70,000. Wataalamu wengi hukisia kwamba ulitungwa na kukusanywa kwa muda wa karne kadhaa, kabla ya Kristo na baada yake. Kiini cha kisa ni ugomvi wa watoto wa ndugu wawili, Pandava watano na Kaurava mia moja, juu ya ufalme wa Kuru. Ugomvi huo unamalizikia katika vita ya siku 18 kwenye uwanja wa Kurukshetra.

Jambo linalomshangaza msomaji wa Kiswahili anapoukabili utendi huu ni wingi wa matambiko ndani yake. Wahusika wakuu huzaliwa katika moto wa madhabahu. Mfalme hutawazwa kwa dhabihu. Vita yenyewe huitwa dhabihu. Na baada ya vita huchinjwa farasi ili mshindi atakaswe. Aghalabu wahakiki wetu wameyatazama mambo haya kwa njia mbili. Wako wanaoyachukulia kuwa pambo la kidini, yaani mandhari ya zama za kale ambayo msomaji anaweza kuyaruka ili aufikie “ujumbe”. Wako pia wanaoyaona kuwa itikadi tupu ya tabaka tawala, hila ya wafalme na makuhani ya kuhalalisha unyang’anyi. Mtazamo wa kwanza unaupunguzia utendi uzito wake. Wa pili una ukweli ndani yake, lakini unausahau ukweli mwingine: kwamba utendi wenyewe uliyaona hayo kabla yetu, tena ukayasema kwa sauti kubwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Mahabharata dhabihu ni swali ambalo utendi unajiuliza tangu kitabu cha kwanza hadi karibu na mwisho, na kwamba jibu lake halitolewi kwa wepesi. Swali ni hili: je, umwagaji wa damu unaweza kufutwa kwa umwagaji mwingine wa damu, maadamu huo wa pili umefanywa kwa kanuni, kwa maneno matakatifu na kwa gharama kubwa? Tutalichunguza kwa kuzitazama dhabihu nne zinazoushikilia utendi: dhabihu ya nyoka, kutawazwa kwa Yudhishthira, vita ya Kurukshetra, na dhabihu ya farasi. Kabla ya hapo hatuna budi kulitatua suala la istilahi, kwa kuwa neno tutakalolichagua katika Kiswahili laweza kutoa hukumu kabla shauri halijasikizwa.

Suala la istilahi

Neno la Kisanskriti ni yajna. Katika maandishi ya matambiko ya kale ya Kihindi, yajna huelezwa kuwa na mambo matatu: kitu kinachotolewa, mungu anayetolewa kwake, na tendo la kukiachilia kitu hicho, yaani mtoaji kukata haki yake juu yake. Aghalabu kitu hicho hutiwa motoni. Chaweza kuwa samli, maziwa, nafaka, maji ya mmea wa soma, au mnyama. Ikumbukwe kwamba yajna si lazima iwe na damu; hata leo Wahindu wengi wanaofanya ibada ya moto hutumia samli na nafaka tu.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia maana hiyo, lakini hakuna hata moja linaloienea. Sadaka ni kitu atoacho mtu kwa ajili ya Mungu, hasa kwa kumpa maskini. Mkazo wake uko kwa mpokeaji. Dhabihu ni mnyama aliyechinjwa. Mkazo uko kwenye kisu. Tambiko huelekea kwa wahenga na mizimu. Mhanga ni mtu anayejitoa nafsi yake. Kafara, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni kitolewacho ili kufuta dhambi au kuondoa balaa. Wafasiri wa Biblia walilazimika kuunganisha maneno, wakasema “sadaka ya kuteketezwa”. Na kwa umbo, hiyo ndiyo inayoikaribia yajna zaidi ya nyingine.

Neno linalowajia wepesi wengi wetu ni kafara. Lakini kafara ni zaidi ya jina la tendo, kwa kuwa ndani yake mna dai juu ya matokeo ya tendo hilo. Asemaye kwamba mfalme alitoa kafara amekwisha kukubali kwamba palikuwa na dhambi, na kwamba kitu kilichotolewa kinaweza kuiondoa. Katika Mahabharata dai hilo ndilo linalobishaniwa. Kwa sababu hiyo tutatumia neno yajna kwa jumla, na maneno yetu mengine tutayaweka mahali ambapo utendi wenyewe unayastahili. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Yajna ya nyoka: moto uliokatizwa

Utendi huu unasimuliwa kandokando ya moto. Mfalme Janamejaya, kitukuu cha Arjuna, anafanya yajna ya kuwateketeza nyoka wote wa dunia. Katika nafasi baina ya kazi za ibada hiyo, Vaishampayana anamsimulia habari za mababu zake, naye Vyasa, mtungaji wa habari hizo, yupo papo hapo. Baadaye kisa chote kinasimuliwa tena na Ugrashravas katika msitu wa Naimisha, penye yajna nyingine ya miaka 12. Kwa hivyo hadhira ya kwanza ya utendi ni mtu anayeua huku anasikiliza.

Chanzo cha yajna ya nyoka ni kisasi. Parikshit, baba yake Janamejaya, aliwinda akampoteza mnyama aliyemjeruhi. Akamwuliza mtawa aliyekuwa amenyamaza kwa nadhiri, na alipokosa jibu akamtundikia nyoka mfu begani. Mwana wa mtawa akamlaani, na siku ya saba Takshaka, mfalme wa nyoka, akamwua. Tukirudi nyuma zaidi tunakuta kwamba Takshaka naye alikuwa na kidonda chake. Arjuna na Krishna waliuteketeza msitu wa Khandava ili kumshibisha Agni, mungu wa moto. Takshaka hakuwako siku hiyo, lakini mke wake alikufa akimwokoa mtoto wao. Nyuma ya hayo kuna laana ya Kadru, mama wa nyoka wote, aliyewalaani wanawe kwa sababu walikataa kumsaidia kudanganya katika sharti la kubahatisha. Kila anayeua ana mfu wake wa kumtaja, na hakuna mahali ambapo msomaji anaweza kutia kidole akasema kwamba hapa ndipo uovu ulipoanza.

Yajna hii ni kisasi kilichovikwa joho la ibada. Makuhani wanayasoma maneno matakatifu barabara, na nyoka wanaanguka motoni kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo, wenye hatia na wasio nayo. Takshaka anakimbilia kwa Indra, na nguvu za maneno zinamvuta hata huko. Ndipo anapotokea kijana Astika. Anamsifu mfalme, anaahidiwa zawadi yoyote aitakayo, naye anaomba jambo moja: moto uzimwe. Takshaka anabaki ananing’inia hewani, hakufika mbinguni wala motoni.

Yafaa tumtazame Astika kwa makini. Baba yake ni mtawa wa Kibrahmani, na mama yake ni dada wa Vasuki, mmoja wa wakuu wa nyoka. Wanaochomwa ni wajomba zake, na wanaochoma ni watu wa upande wa baba yake. Utendi haukumpa kazi ya kuzima moto mtu mwema asiyehusika na upande wowote. Umempa mtu ambaye mipaka ya ugomvi inapita ndani ya mwili wake mwenyewe. Christopher Minkowski, katika makala yake ya mwaka 1989, alionyesha jinsi muundo wa simulizi hii, kisa ndani ya kisa, unavyolingana na muundo wa ibada ndefu za Kivedi, ambazo nazo hupachikwa moja ndani ya nyingine. Hoja hiyo ina nguvu. Tungeongeza kwamba ulinganifu huo una ncha kali: ibada iliyoubeba utendi wote ni ibada ambayo lengo lake halikutimia, na kutotimia huko kunahesabiwa kuwa heri.

Rajasuya: maji ya baraka juu ya nywele za Draupadi

Rajasuya ni yajna ya kumtawaza mfalme mkuu. Katika kitabu cha pili Yudhishthira anashauriwa aifanye, naye anasita. Narada, mjumbe wa mbinguni, anamwonya kwamba yajna hii ina vikwazo vingi, na kwamba nyuma yake huja vita ya kuwaangamiza wapiganaji.

Kikwazo cha kwanza ni Jarasandha, mfalme wa Magadha. Huyu amewafunga wafalme 86, na anangojea idadi ifike 100 ili awatoe dhabihu kwa Shiva. Krishna anamkemea kwa maneno makali: kumchinja binadamu kwa ajili ya miungu ni jambo lisilopata kuonekana. Kisha Bhima anamwua Jarasandha kwa mieleka, na wafungwa wanafunguliwa. Hapa msomaji hushangilia, na ana haki ya kushangilia. Lakini asisahau kwamba Jarasandha ameuawa ili yajna ya Yudhishthira ipate njia. Mfalme mmoja alitaka kuwatoa wafalme wenzake motoni. Mwingine amemwua mfalme mwenzake ili aufikie moto wake. Utendi hausemi kwamba matendo haya mawili ni sawa. Unayaweka karibu tu, ukatuachia sisi.

Damu ya pili inamwagika ndani ya ibada yenyewe. Bhishma anatoa rai kwamba heshima ya kwanza apewe Krishna. Shishupala, mfalme wa Chedi, anapinga na kutukana mbele ya wageni wote. Krishna anamkata kichwa kwa kisahani chake cha vita. Ibada inaendelea mpaka mwisho wake, na wageni wanarudi makwao. Mmoja wao, Duryodhana, anarudi na wivu utakaozaa mchezo wa dadu, na kwa mchezo huo Yudhishthira anapoteza ufalme, ndugu zake, nafsi yake na mkewe.

Mwaka 1972 J. A. B. van Buitenen alitoa hoja kwamba mchezo huu wa dadu haukuingizwa kiholela. Katika rajasuya ya Kivedi mfalme aliyekwisha kutiwa wakfu hucheza dadu kama sehemu ya ibada, na mchezo huo hupangwa ili ashinde. Ikiwa hivyo ndivyo, basi utendi umelichukua tambiko lenye ushindi wa hakika ukaliachia bahati na hila, na mtambikaji akashindwa. Maoni ya Heesterman kuhusu yajna za kale, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1993, yanaelekea huko huko: kwamba nyuma ya ibada iliyonyoshwa na makuhani palikuwa na mashindano ya kweli, ya kufa na kupona, na kwamba makuhani walimwondoa mshindani ili ibada iwe salama. Mahabharata unamrudisha mshindani.

Kuna jambo dogo ambalo wahakiki wengi hulipita, nasi twaona kwamba ndilo ufunguo wa kitabu hiki. Duhshasana anapomburura Draupadi hadi barazani kwa kumshika nywele, utendi unatukumbusha kwamba nywele hizo ndizo zilizonyunyiziwa maji yaliyobarikiwa wakati wa josho la kumalizia rajasuya. Josho hilo ndilo linalofunga yajna. Ndilo linalomrudisha mtambikaji katika maisha ya kawaida akiwa safi. Kwa kulitaja mahali hapa mshairi ametuambia kwamba yajna haikufungwa. Mkono uliozishika nywele zile umeufungua upya moto uliodhaniwa kuwa umezimwa.

Vita iitwayo yajna

Hiltebeitel, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alieleza kwa urefu jinsi vita ya Kurukshetra inavyochorwa kwa mfano wa dhabihu. Hatuna haja ya kuyarudia yote. Yatosha kulinganisha mahali pawili katika kitabu cha tano, ambapo wahusika wawili wa upande mmoja wanaitabiri vita ile ile kwa mfano ule ule, na bado wanaona mambo tofauti.

Wa kwanza ni Duryodhana. Anajisifu kwamba yeye na Karna ndio waliotiwa wakfu kwa yajna ya vita, na kwamba mnyama wa kuchinjwa ni Yudhishthira. Picha yake ni wazi: kuna mchinjaji, kuna mchinjwaji, na baina yao kuna kisu. Yeye anajijua yuko upande gani.

Wa pili ni Karna. Krishna amemfunulia siri kwamba yeye ni kaka wa Pandava, na kwamba akitaka atapewa ufalme. Karna anakataa, kisha anaieleza vita ijayo kama yajna ya Duryodhana. Krishna atakuwa msimamizi, Arjuna atakuwa kuhani, upinde wa Arjuna ndio upawa, ushujaa wa watu ndio samli, na damu ndiyo itakayomiminwa. Nakula na Sahadeva watafanya kazi ya kuchinja. Siku Bhima atakapoinywa damu ya Duhshasana, hiyo ndiyo siku ya kukamua soma. Kifo chake yeye Karna mkononi mwa Arjuna kitakuwa hatua mojawapo ya ujenzi wa madhabahu. Duryodhana akiisha kuuawa, yajna imekwisha. Na kilio cha wajane katika uwanja uliojaa mbwa na tai ndicho kitakachokuwa josho la kumalizia.

Tazama jinsi mfano ulivyogeuka. Mtambikaji ni Duryodhana, lakini makuhani ni adui zake, na dhabihu inakamilika kwa kifo chake mwenyewe. Karna hakumtaja mnyama mmoja wa kuchinjwa, kwa sababu katika picha yake kila mtu ni mnyama huyo. Na lile josho, ambalo katika kitabu cha pili lilikuwa maji ya baraka kwenye nywele za malkia mmoja, sasa limekuwa machozi ya wanawake wote wa koo mbili. Hapo pana uzi mmoja, na asiyeujua utaratibu wa yajna hawezi kuuona.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaoisoma vita hii kwa nadharia ya René Girard. Girard alidai, katika kitabu chake cha mwaka 1972, kwamba dhabihu huiponya jamii kwa kuielekeza ghadhabu ya wote juu ya kiumbe mmoja, na kwa kifo cha huyo mmoja amani hurudi. Katika Kurukshetra hakuna huyo mmoja, na amani hairudi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, waweza kutusaidia kuipima tofauti. Katika utendi huo afaye vitani ni shahidi: ana imani anayoishuhudia, na ana malipo yanayomngoja. Kifo chake hakihitaji kuitwa jina jingine. Mahabharata nao unawaahidia wapiganaji mbingu, lakini haukutosheka na ahadi hiyo. Uliendelea kutafuta neno la kuelezea mauaji yale, na neno lililopatikana likawa la machinjioni.

Mauaji ya usiku katika kitabu cha kumi yanathibitisha jambo hili. Ashvatthaman, mwana wa Drona, anakwenda kwenye kambi ya washindi waliolala. Langoni anazuiwa na kiumbe cha kutisha. Anamwomba Shiva, madhabahu ya dhahabu yenye moto yanatokea, naye anajitoa mwenyewe juu yake. Shiva anamkubali na kumpa upanga. Kisha anaingia na kumwua kwa mateke Dhrishtadyumna, aliyekuwa amemwua Drona. Dhrishtadyumna anaomba auawe kwa silaha, afe kifo cha mpiganaji, na ombi lake linakataliwa. Anakufa kifo cha mnyama, na utendi unakiita hivyo. Tukumbuke kwamba Dhrishtadyumna alizaliwa katika moto wa yajna aliyoifanya baba yake ili apate mwana wa kumwua Drona. Tukumbuke pia kwamba katika ibada za Kivedi mnyama hakukatwa shingo bali alinyongwa. Mtu aliyetoka madhabahuni amerudishwa kwa namna ileile ambayo madhabahu huwapokea wanyama.

Kuna funzo chungu hapa. Kiswahili hutufundisha kumheshimu ajitoaye mhanga. Ashvatthaman alijitoa mhanga, kwa maana kamili ya neno hilo, na tunda la kujitoa kwake likawa mauaji ya watu waliolala usingizi. Kwa hiyo kujitoa nafsi peke yake si kipimo cha wema. Utendi unatutaka tuulize swali la pili: alijitoa ili nini kimpate nani?

Ashwamedha na nguchiro

Baada ya vita Yudhishthira ameshinda, na ushindi umemshinda. Hataki kutawala. Vyasa anamshauri afanye ashwamedha, yajna ya farasi, kwa kuwa hiyo humsafisha mfalme na dhambi zake. Hapa, na hapa tu, neno letu kafara linapata mahali pake halisi: pana dhambi, pana mtenda dhambi anayeijua dhambi yake, na pana kitu cha kutolewa ili ifutwe.

Hazina ni tupu kwa ajili ya vita. Gharama zinapatikana kwa kufukua dhahabu ambayo mfalme wa kale aitwaye Marutta aliiacha milimani Himalaya. Farasi anaachiliwa kuzunguka nchi, Arjuna anamfuata na kupigana na kila anayemzuia, hata na mwanawe mwenyewe, Babhruvahana. Hatimaye farasi anauawa kwa kanuni, Draupadi anafanya sehemu yake kando ya maiti ya farasi kama ibada ilivyoamuru, na Yudhishthira na ndugu zake wanaunusa moshi wa mafuta yaliyochomwa, moshi unaosafisha dhambi. Zawadi zinagawiwa kwa wingi usiopata kuonekana. Kila kitu kimefanywa sawasawa.

Ndipo nguchiro anapotoka shimoni. Nusu ya mwili wake ni dhahabu. Anasema kwa sauti ya kibinadamu, mbele ya makuhani na wageni, kwamba yajna hii yote haifikii thamani ya kibaba kimoja cha unga wa shayiri. Wanapomwuliza ana maana gani, anawaeleza habari za Mbrahmani maskini wa Kurukshetra, aliyeishi na mkewe, mwanawe na mkazamwana wake kwa kuokota masazo ya nafaka mashambani. Wakati wa njaa walipata kibaba kimoja. Walipokwisha kugawana, akaja mgeni. Mzee akampa fungu lake, mgeni hakushiba. Mke akatoa lake, kisha mwana, na mwisho mkazamwana, na kila mara mzee alisita kulipokea kutoka kwao. Mgeni alikuwa Dharma mwenyewe. Nguchiro akagaagaa katika mabaki ya unga ule, na nusu ya mwili wake ikageuka dhahabu. Tangu siku hiyo huzurura kutoka yajna moja hadi nyingine akitafuta moto utakaoigeuza nusu iliyobaki. Kwa Yudhishthira hakuupata.

Yako mambo matatu ya kuzingatiwa katika kisa hiki. La kwanza, Kurukshetra ndiko vita ilikopiganwa. Mahali palepale penye yajna ya damu ya mamilioni ndipo penye yajna ya kibaba cha unga, na nguchiro anatulazimisha kupima moja kwa nyingine. La pili, msikilizaji wa kisa hiki ni Janamejaya, ambaye anawateketeza nyoka wakati anaposimuliwa. Nguchiro ni adui wa nyoka tangu asili. Mshairi hakusema neno juu ya hili, lakini ni vigumu kuamini kwamba alimchagua mnyama huyu pasipo kujua: kiumbe ambaye kuua nyoka ndiyo riziki yake amekuja kuihukumu dhabihu mbele ya mfalme aliyegeuza kuua nyoka kuwa ibada.

La tatu ndilo gumu. Baada ya nguchiro kutoweka, utendi unaeleza kwamba alikuwa Hasira mwenyewe. Aliwahi kuyaharibu maziwa ya ibada ya mtawa Jamadagni ili kumjaribu, akalaaniwa kuwa nguchiro, na laana ingemwondoka siku atakapomlaumu Dharma. Yudhishthira ni mwana wa Dharma. Kwa kumlaumu, nguchiro amefunguliwa. Baadhi ya wasomaji huona kwamba maelezo haya yanaifuta hukumu ya nguchiro: aliyesema alikuwa Hasira, tena alisema kwa faida yake. Tamar Reich, katika makala yake ya mwaka 2001, aliisoma sehemu hii kuwa uwanja wa mabishano ndani ya matini yenyewe, ambapo watetezi wa yajna na wakosoaji wake wanajibizana sura kwa sura. Sura zilizo katikati ya kisa na maelezo hayo zinaunga mkono maoni hayo, kwa kuwa humo mna habari za mfalme Vasu. Huyo aliulizwa na watawa kama ni halali kuchinja wanyama katika yajna, akajibu pasipo kupima kwamba kitolewe chochote kilichopo, na kwa jibu hilo akaporomoka chini ya ardhi.

Sisi tunakubali kwamba pana mikono mingi hapa. Utendi wa karne nyingi hauwezi kuwa wa mkono mmoja. Hata hivyo waliokusanya matini hawakuliondoa jibu la nguchiro, nasi hatuna ruhusa ya kuliondoa. Laana inaeleza kwa nini nguchiro alisema. Haionyeshi kwamba alisema uongo. Nusu ya mwili wake ilibaki manyoya mbele ya macho ya watu wote, na hakuna kuhani aliyeweza kuigeuza.

Mhakiki wa mrengo wa kitabaka atauliza: je, kisa hiki si ushindi wa maskini juu ya mfalme? Kwa kiasi fulani ndivyo. Dhahabu ya Marutta imeshindwa na unga wa mwokota masazo. Lakini tusiharakishe. Mwokota masazo huyo ni Mbrahmani, na umaskini wake ni nadhiri ya kidini inayosifiwa na vitabu vya watu wa tabaka lake. Mkulima ambaye masazo yake yaliokotwa hakutajwa. Utendi umeikosoa yajna ya wafalme kwa kuinua yajna ya watawa. Haukutoka nje ya mawazo ya yajna. Umebadilisha jambo moja tu, na jambo hilo ni kubwa: katika nyumba ile ya njaa, kilichotolewa kilitoka tumboni mwa mtoaji, na hakuna kiumbe mwingine aliyelipa.

Hitimisho

Tumeona yajna nne. Ya kwanza ilikatizwa, na kukatizwa kwake kukawa wokovu. Ya pili ilikamilika kwa sura, lakini maji yake ya kufungia yakageuka kuwa chanzo cha vita. Ya tatu ilimla mtambikaji wake. Ya nne ilifanywa bila dosari, na mnyama mdogo akaikataa. Mpangilio huu unatosha kuonyesha kwamba dhabihu katika Mahabharata si mandhari, wala si itikadi isiyojijua. Utendi unaifahamu ibada hiyo kwa undani, hatua kwa hatua, na kwa ujuzi huo huo unaishitaki.

Kwa mwalimu na mfasiri wa Kiswahili yanafuata mambo ya vitendo. Tupendekeze kwamba neno yajna lipokelewe katika maandishi yetu ya kitaaluma kama tulivyoyapokea mengine mengi, liwe jina la ibada kwa jumla. Dhabihu litumike panapochinjwa mnyama au panapofananishwa na kuchinja. Mhanga litumike kwa anayejitoa nafsi yake, akiwamo Ashvatthaman, ili msomaji apate uchungu wa kulisikia neno hilo mahali pale. Na kafara liwekwe akiba kwa mahali pale ambapo utendi unadai kwamba dhambi imeondolewa, yaani hasa katika ashwamedha ya Yudhishthira.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba mwanafunzi atakutana na neno kafara kwa mara ya kwanza moshi unapopanda, na baada ya sura chache tu atamsikia nguchiro. Akiwa amekwisha kulisoma neno hilo tangu kitabu cha kwanza, kila moto ukiitwa kafara, hatakuwa na sababu ya kusimama. Akilikuta hapo tu, ataweza kuuliza kama Yudhishthira alitakaswa kweli, ama aliunusa moshi tu.